Kikombe Juu ya Jiwe

Mvua haijaacha tangu alfajiri, na mimi nimekaa na daftari la jalada la kijani nililolisahau sandukuni kwa miaka mingi. Kurasa zake nyingi ni orodha za zamu na hesabu za vidonge. Ukurasa mmoja tu ndio wenye maneno, nao nauweka hapa bloguni kama nilivyouandika wakati ule. Nimerekebisha nukta tu.

Mbulumbulu, Jumamosi, Julai 1983. Saa tisa alasiri.

Ukungu umekataa kuondoka. Tangu asubuhi sijauona mpaka wa shamba la Mama Bura, na sasa hata ghala silioni vizuri, ingawa liko hatua ishirini tu kutoka dirishani. Ng'ombe nawajua kwa kengele zao. Mume wangu Naftali ameshuka Karatu mnadani tangu saa moja, na mimi nimebaki na daftari hili na baridi ya vidole.

Sina raha. Afadhali niliandike hilo kwanza.

Kila mwaka likizo yetu ni moja: tunapanda basi kutoka Singida mjini hadi kwao Kiomboi, tunakaa kwa mama mkwe wiki tatu, anamtazama mwanawe, ananitazama tumbo, tunarudi. Mwaka huu Naftali alisema tuanze na siku kumi huku Karatu. Alifundisha shule ya Mbulumbulu miaka miwili kabla hajanioa, akapanga chumba kwa Mama Bura, na hadithi zake za ujana zote ni za huku. Alitaka anionyeshe mashamba ya kahawa, minada, na ile kreta ya Ngorongoro ambayo wazungu wanavuka bahari kuja kuiona. Nilicheka. Nilimwambia walimu hawana likizo za namna hiyo. Akasema basi tutakuwa walimu wa kwanza.

Na kwa kweli tumetembea. Naftali ni mtu wa masoko. Anaweza kusimama na muuza mbuzi nusu saa, akamkagua mbuzi meno na kwato, akauliza habari za mama yake mbuzi, halafu akaondoka bila mbuzi na muuzaji akabaki anamwita shemeji. Mimi huwa nasimama kando na kikapu, naona aibu kwa niaba yake. Siku hizi nane nimemcheka kuliko miaka yote minne ya ndoa. Ningesema nina furaha, kama si lile jambo la vikombe.

Lakini vikombe havieleweki bila mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu sijauandika popote.

Mimba iliharibika. Ilikuwa ya miezi minne.

Naftali alikuwa kwenye semina ya walimu, wiki sita, na sikuwa nimemwambia kuwa ninayo. Mara mbili huko nyuma nilimwambia mapema, na mara mbili ikawa ni kuchelewa tu, nikauona uso wake ukijaribu kutoonyesha kitu. Safari hii nikasema nitangoja arudi, anikute na tumbo la kuonyesha. Alipofika nilikuwa nimelala, nimekonda, nikamwambia nimetoka kwenye malaria kali. Akasema pole. Akanikorogea uji wa ulezi siku tatu mfululizo na hakuuliza kitu. Mimi nesi wa chumba cha kujifungulia, ninayepokea watoto wa watu kila wiki, nimemdanganya mume wangu kuhusu wake mwenyewe.

Kulikuwa na kofia pia. Ndogo, ya sufu nyeupe, niliifuma zamu zilipokuwa shwari, nikaificha chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka. Mwezi wa tano nilipata moyo wa kwenda kuichoma. Haikuwepo. Nilijiambia ni panya. Sijawahi kuona panya anayebeba kofia na kuacha shuka bila tundu, lakini nilijiambia hivyo na nikafunga sanduku.

Sasa vikombe.

Siku yetu ya pili huku tulikwenda mnadani Karatu. Palikuwa na kila kitu: vitunguu vya Mang'ola vimelundikwa juu ya magunia, magadi, tumbaku, shuka nyekundu, ng'ombe wanaosukumana, moshi wa nyama. Naftali akapotelea kwa mbuzi wake. Mimi nikaenda kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anauza asali. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, tukaelewana nimpe kipande cha sabuni anijazie kopo langu, maana mwaka huu sabuni inapendwa kuliko noti. Nikaweka kopo na sabuni chini mbele yake, nikarudi nyuma hatua moja, nikasubiri.

Aliniangalia muda mrefu kidogo. Akamwambia mwenzake neno kwa Kiiraqw. Wanawake wote watano wa mstari ule wakavuta makapu yao, si sana, kiasi cha shibiri moja, na mmoja akamvuta mtoto wake mgongoni akambeba mbele. Kisha yule mama akaimimina asali kwa juu, kata yake isiguse kopo langu hata kidogo, akaisukuma sabuni kwa kijiti mpaka kwenye jani. Halafu akaniambia kwa upole mkubwa:

"Pole, mama."

Nikamuuliza pole ya nini. Alitazama chini, na wale wengine wakatazama chini.

Nilitembea kati ya watu wale mamia, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Sikuwahi kufika Karatu maisha yangu yote. Hakuna mtu wa Karatu anayenijua. Siri niliyoificha kwa mtu ninayelala naye kitanda kimoja, mwanamke wa asali ameiona kwa kunitazama mara moja. Nilipompata Naftali nilimwambia kichwa kinauma, turudi.

Siku iliyofuata nilibaki ndani. Naftali alitoka peke yake kwenda kutuombea ruhusa ya kuona shamba moja la kahawa upande wa Oldeani, lenye nyumba ya mlowezi wa zamani. Kesho yake tukaenda wote. Nyumba ilikuwa tupu, madirisha yamepigiliwa mbao, na nyuma yake mzabibu mkubwa umepanda ukuta mpaka darini. Anayeutunza ni Mzee Chibago, kibarua kutoka Dodoma, aliyekuta unakauka akashindwa kuuacha ufe. Anakamua zabibu zake kwenye ndoo na kupata mvinyo kidogo kila mwaka. Naftali alifurahi hadi akasahau kufunga mdomo. Alisema Wafaransa na watuone, tunaonja mvinyo shambani kwa mwenye mvinyo.

Mke wa Mzee Chibago ni mtu wa huku huku. Tulipofika, kabla sijaamkia vizuri, kabla sijagusa kitu chochote pale, vikombe vilikuwa tayari vimepangwa. Kwenye meza ndogo vilikuwa viwili, vya wenyeji. Chini, juu ya jiwe safi, kando kabisa, kikombe cha bati kimefunikwa kifudifudi. Kilikuwa kinanisubiri mimi. Yule mama alinionyesha kwa kidevu, nikakiokota mwenyewe, akanimiminia kwa juu.

Cha Naftali sikukiangalia kilipotoka. Macho yangu yalikuwa kwenye jiwe.

Mvinyo ulikuwa mkali, na chachu yake ilinikaa kooni. Naftali alinitazama nikinywa, nikamtazama yeye, nikafikiri: sasa ataona. Ataona kwamba mkewe anatengewa kikombe, atauliza, wataambiana. Hakuuliza. Alisifia mzabibu. Nikashukuru kwamba wanaume hawaoni vitu.

Tulipohamia kwa Mama Bura kutoka nyumba ya wageni ya Karatu nilikuta vilevile. Mama Bura ni mjane, mkulima wa ngano na maharage, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mwenye sauti ya taratibu na mikono isiyotulia. Alimkumbatia Naftali kama mwanawe aliyerudi. Mimi alinipokea kwa heshima, akaniamkua, akaniita Sista kama wanavyotuita manesi, lakini wajukuu wake waliokuwa wanakuja mbio kunisalimia akawarudisha kwa neno moja. Asubuhi yake, juu ya jiwe lililo kwenye mlango wa ghala, kulikuwa na kikombe kimefunikwa kifudifudi. Sikusogea karibu. Nilikula nilichopewa na nikajifanya sijakiona.

Sikulala vizuri. Nilianza kujinusa mikono. Nilijitazama kwenye kioo kidogo cha Naftali cha kunyolea, nitafute mahali kwenye uso wangu palipoandikwa.

Juzi tulikwenda Ngorongoro. Tulipata lori linalopeleka mahindi Sale, dereva akakubali kutushusha kingoni mwa kreta akitengeneza gurudumu lake. Nilikuwa nimejiandaa kuona vifaru na tembo kwa maelfu. Tuliona ukungu. Ulijaa kreta nzima mpaka ukingoni tuliposimama, mweupe, mzito, hautikisiki. Miti ya kule ina ndevu za kijani zinazodondosha maji. Chini mle, mbali sana, kilio cha mnyama kilipanda, kikakatika katikati.

Naftali alisogea peke yake, hatua kama thelathini, mpaka nikabaki naona koti lake tu. Nilimwona akiinama. Aliweka kitu kwenye majani, kitu kidogo cheupe, akanyanyuka, akarudi nyuma hatua mbili. Akasimama hapo mikono imening'inia. Alisimama kama anayengoja mtu aje akichukue alichokiweka.

Nilipata hofu ambayo siwezi kuieleza. Dereva alipopiga honi alirudi, ndevu zake zimeloa, akasema huko hakuonekani kitu. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anafunga kamba za viatu.

Viatu vyake havina kamba.

Nimeyaandika yote hayo ili nifike leo asubuhi.

Naftali alipoondoka, mimi na Mama Bura tulikaa mlangoni kupukuchua maharage. Kila nilipojaza ungo wangu niliuweka chini katikati yetu, nikajivuta nyuma, nikasubiri auchukue. Mara ya nne au ya tano hakuuchukua. Aliuacha pale.

"Sista," akasema, "nani alikufundisha kuweka hivyo?"

Sikumwelewa. Akaniambia ungo siku zote naweka chini, simpi mkononi. Kilo ya sukari niliyomletea siku ya kwanza niliiweka chini mlangoni, nikarudi nyuma. Chumvi nikiombwa naweka chini. Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike kwake, kwa sababu hilo lina jibu rahisi. Ni kazi. Kwenye chumba cha kujifungulia hatupeani vitu mkono kwa mkono. Mkasi unauweka kwenye trei, unatoa mkono wako, mwenzako anauchukua, ili usianguke na msichafuane. Ukifanya hivyo miaka sita, mkono unasahau njia nyingine. Naftali hunitania nyumbani kuwa namhudumia kama mgonjwa.

Mama Bura hakucheka. Aliniambia huku kwao mtu anayeweka vitu chini hivyo na kurudi nyuma anasema jambo. Anasema yuko metimani. Nikamuuliza metimani ni wapi. Akasema si mahali. Ni nyumba ikifiwa, au mama akipoteza mtoto, hata yule ambaye hajaonekana bado, tumboni tu. Nyumba hiyo inakaa pembeni kwa muda wake. Haichangii kikombe na watu, haishiki watoto wa watu, na watu nao hawaisogelei, hawaiulizi maneno mengi, mpaka siku yake ya kutoka ifike. Padri hapendi, akasema, na vijana wameanza kuacha, lakini wanawake wa mnadani wakiona ishara wanaifuata. Nikamsimulia yaliyonipata kwa yule mama wa asali.

"Wewe ulimwambia yule wa asali mwenyewe," akasema. "Akakuheshimu."

Nililia. Nililia juu ya maharage ya watu. Siku zote hizi nilidhani wananitenga kwa kuchukia walichokiona, kumbe walikuwa wananipa nafasi niliyoiomba bila kujua. Mkono wangu ulisema kitu kwa lugha nisiyoijua, na kikawa ni kweli. Hilo bado linanisisimua mwili hapa ninapoandika.

Nikamwambia yote. Mwezi wa tatu, semina, malaria, kofia. Nilikuwa sijawahi kuyasema kwa sauti. Mama Bura alisikiliza huku mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, imetulia. Halafu nikamwomba kitu kimoja: asimwambie Naftali. Jumatatu tunaondoka kwenda Kiomboi. Mdogo wake wa kike amejifungua wiki mbili zilizopita, nyumba nzima inaningoja mimi nesi nimuogeshe mtoto, na Naftali hajui chochote, anatembea anacheka na watu, na mimi sitaki kumharibia.

"Hajui," akasema Mama Bura.

"Hajui, mama."

Alinyanyuka kwa shida ya magoti. Akaniambia nimfuate mpaka ghalani, na ndipo nikalisogelea lile jiwe nililokuwa nalikwepa siku nne.

Vikombe vilikuwa viwili.

Kimoja cha bluu, kile ninacholetewa nacho chai. Cha pili cheupe, kimebanduka rangi kwenye mpini, kimesimama nyuma ya cha kwanza, ndiyo maana kutoka dirishani huonekana kimoja. Nilimuuliza cha nani. Akanitazama kama ninavyowatazama mimi wasichana wanaoniuliza kama itauma.

"Aliniomba mwenyewe, jioni ile mlipofika, ulipokuwa unaoga. Akasema, mama, tuwekee viwili. Zaidi muulize yeye. Mimi nilikuwa nangoja useme."

Nikauliza kuhusu siku ya kutoka. Akasema wazee wana taratibu zao, wanaoga, wanawasha moto mpya, lakini yeye analolijua ni moja. Wakiingia wawili, hatoki mmoja.

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki nimesimama kwenye ukungu mbele ya vikombe viwili vya bati.

Tangu saa hiyo nafanya hesabu ambayo ningeifanya zamani kama ningethubutu kumtazama mume wangu. Uji wa siku tatu. Malaria ambayo hakuniuliza nimemeza dawa gani, yeye anayeuliza kila kitu. Likizo ya Karatu, iliyomjia ghafla mwezi wa tano, mwezi ule ule sanduku lilipokosa kofia. Siku aliyokwenda peke yake kwa Mzee Chibago, na kikombe kilichonisubiri kesho yake. Naftali aliishi huku miaka miwili. Anazijua desturi za watu hawa. Nani alimwambia habari ya mwezi wa tatu, sijui. Labda mwenzangu wa wodini, labda alizihesabu shuka.

Kwetu mtoto wa namna ile hana jina, hana matanga, hana hata siku ya kulia. Basi akanileta mahali ambapo mtoto huyo yupo, na ambapo watu wanajua la kufanya. Akanileta kwa kisingizio cha masoko, kwa sababu mimi nilikuwa nimemfungia mlango wa kusema. Na alikuwa anakunywa kwenye kikombe chake cha pembeni siku zote, mbele ya macho yangu, nami sikumtazama hata mara moja kwa kuogopa asije akanitazama.

Kile kitu cheupe kwenye majani ya Ngorongoro sihitaji kuuliza ni nini. Nilikifuma mimi.

Ninaogopa. Si kwamba atakasirika, hilo ningeliweza. Ninaogopa miezi minne aliyokaa peke yake na maiti yetu, akinitania kuhusu trei, akipatana bei ya mbuzi. Nilidhani namkinga. Nilimwacha nje, na yeye akaona afadhali aingie kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Ukungu umezidi. Mama Bura amesimama uani anaita jina la Naftali, mara moja moja, ili ajue njia ya geti iko upande gani. Kwa muda mrefu hakuna anayeitika, na kila akiita natega sikio mpaka aite tena. Nadhani kwa kimya hiki ndivyo nilivyokuwa namwitikia yeye, tangu mwezi wa tatu.

Ameitika. Yuko mbali bado, lakini ni yeye, na kikohozi chake.

Sijui nitaanza na neno gani. Nimechukua vikombe vyote viwili kutoka kwenye jiwe na nimeviosha. Chai iko tayari. Naacha kuandika hapa, natoka nje kumpelekea chake, na safari hii sikiweki chini. Nitakishika, hata kikiniunguza, mpaka anyooshe mkono.